SSD au hadidiski ya spidi? Ukiwa Tanga na hela ya kitu kimoja, nunua hivi

Ukiingia kwenye maduka ya kompyuta Ngamiani utawekewa vitu viwili mezani, SSD (diski ya chipu tupu) ya giga 240 au hadidiski ya tera nzima "ya spidi", ile ya 7200, na watu wengi wanabeba tera kwa sababu tera inajaza mdomo. Mimi nasema hivi, kama Windoo yako bado inakaa kwenye hadidiski na hela ni ya kitu kimoja tu, beba SSD, hata hiyo ndogo.

Sababu yake iko wazi. 7200 ni mizunguko ya sahani iliyo ndani ya hadidiski kwa dakika, yani mara 120 kila sekunde, ni nyingi kweli, lakini kila faili ikiitwa ule mkono wa kusomea lazima usogee kwanza halafu usubiri sahani izunguke mpaka data ipite chini yake, kule kusubiri tu ni wastani wa milisekunde 4 na ushee, ukijumlisha na kusogea kwa mkono unapita 10. SSD haina kinachozunguka, inajibu kwa kama sehemu ya kumi ya milisekunde moja, mara nyingi hata chini ya hapo. Sasa Windoo ikiwaka haisomi faili moja refu, inasoma maelfu ya vifaili vilivyotawanyika, ndo maana mashine ya hadidiski unaiwasha, unaenda kunywa chai, unarudi bado inakoroma. Hata zile za mizunguko 10,000, VelociRaptor za Western Digital zilizotoka 2008, zilipunguza kusubiri mpaka milisekunde 3 tu basi, kwahiyo ukikuta mtu anakuuzia mtumba wake kwa sifa ya spidi muache nayo.

Namba moja kwangu ni SSD ya SATA (inachomekwa kwa waya kama hadidiski) ya inchi 2.5, giga 480 au 500. Naiweka juu ya zote kwa sababu mashine nyingi tunazotumia huku ni mtumba, zile Dell OptiPlex 7010 za 2012 na wenzake, hazina sloti ya M.2, ile ya kuchomeka SSD nyembamba moja kwa moja kwenye mazabodi, ila SATA zinazo, unachomeka waya wa data na wa umeme imeisha. SATA mwisho wake ni kama megabaiti 550 kwa sekunde, na kwa steshenari ya kuprinti, kuskani na kujaza fomu za watu mtandaoni hiyo ni nyingi mno. Giga 240 nayo inatosha kama kazi ni hizo tu, ila usiijaze mpaka juu, acha kama asilimia 15 wazi maana ikijaa inazubaa. Na ile hadidiski ya zamani usiitupe wala usiiuze!! kama bado nzima iache humohumo ndani ibebe picha na muvi. Kama RAM ni giga 4, hela ikipatikana tena fikisha 8, hivyo viwili vikikaa pamoja mashine inakuwa nyingine kabisa.

Namba mbili ni NVMe, SSD ya spidi zaidi inayokaa kwenye sloti ya M.2. Hii ni kwa mashine mpya kidogo, inafika megabaiti 3,500 kwa sekunde na zaidi, ila kuna sloti za M.2 zinazokubali SATA peke yake, kwahiyo soma modeli ya mazabodi kabla hujalipa. Wanaoshuti na kuediti harusi wataiona tofauti, wengine wote sidhani. Kama sloti unayo na bei zinakaribiana chukua tu.

Namba tatu ndo hadidiski ya 7200, na kazi yake ni stoo. Video za harusi za mwaka mzima huwezi kuzirundika kwenye SSD ukabaki na hela. Uliza kama ni CMR au SMR, ni namna mbili za kupanga data kwenye sahani, CMR mistari yake haipandani, SMR inapandana, kwahiyo SMR ukiwa unafuta na kuandika tena mara kwa mara inazubaa vibaya.

Mtumba wa diski naweka mwisho kabisa, hasa zilizotolewa kwenye mashine za CCTV. Mwambie muuzaji aichomeke mbele yako afungue CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, angalia masaa iliyowaka, mwaka mmoja bila kuzimwa ni masaa 8,760, ukikuta 40,000 jua hiyo imeshastaafu. Rangi ya afya kwenye programu hiyo ikiwa ya njano iache palepale. Na SSD isiyo na jina usiiguse, Crucial, Kingston, Samsung, WD zipo, ukikosa hapa agiza Kariakoo utumiwe na basi uipokee stendi ya Kange.

Jambo la umeme nalo ni kubwa. Ukikatika katikati ya kuandika zote mbili zinaumia, ila hadidiski mara nyingi inaanza kugonga kabla ya kufa, SSD inaweza kuzima ghafla na kutoa data ndani yake ni kazi ngumu na ghali. Weka UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) hata ndogo, na bakapu ya mafaili ya wateja ikae kwenye diski nyingine.

Kuhamisha Windoo tumia Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, ni ya bure, ila yenyewe inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Kama unatoka giga 500 kwenda 240 usihangaike, mwambie fundi apige Windoo mpya kwenye SSD, mafaili yako utayakuta kwenye diski ya zamani.