Spinaka ya kusokota: misimu miwili ya kusi kutoka Mikindani

Mimi ni baharia kwenye yoti ya futi 40 inayotia nanga ghuba ya Mikindani. Kusi ikishika tunapanda Lindi, Kilwa mpaka Unguja, upepo uko tezi, yaani nyuma ya chombo, na hapo spinaka, lile tanga kubwa jepesi la mbele linalofura kwa upepo wa nyuma, ndiyo raha yetu. Tabu ni kuikunja. Tuko wawili tu: bosi usukani, mimi omo, yaani mbele.

Mwanzo tulitumia soksi, ule mfuko mrefu wa kitambaa unaovutwa toka juu ukalimeza tanga. Bei nafuu, hauna vyuma vingi vya kuharibika. Ila lazima mtu asimame omo. Siku moja nje ya Lindi upepo ulizidi, tanga likajaa, soksi ikagoma kushuka na kamba ikanichuna viganja vyote viwili. Nikamwambia bosi, "Mzee, hii basi."

Tukanunua mtambo wa kusokota kuanzia juu. Ukivuta kamba, ngoma ya omo, yaani roda inayozungushwa na kamba hiyo, inazungusha ugwe mnene uliopanda mpaka ncha ya tanga, nalo linaanza kujiviringa huko juu likishuka. Pembe ya chini imefungwa kwenye pete inayozunguka kivyake, ndiyo maana chini hakutangulii. Spinaka ina tumbo kubwa. Ukianza kuisokota chini, juu kunabaki kumefura. Mitambo ya kuanzia chini waachieni wenye matanga bapa yaliyonyooka ukingo wa mbele, kama Code 0.

Miezi ya kwanza niliulaumu mtambo bure. Ngoma inazunguka, juu kimya! Kumbe ugwe tuliouziwa ulikuwa laini: ulijipinda wenyewe, nguvu haifiki. Tulipoweka mgumu na kukaza henza, kamba ya kupandishia tanga, barabara, juu kukaanza kuitikia mara moja. Jamani, mkibana pesa, msibane kwenye ugwe.

Siku hizi bosi anaielekeza yoti upepo uje nyuma kabisa, tanga kuu linaikinga spinaka, inalegea, nami navuta nimekaa tezi. Nikichelewa mpaka upepo umechafuka, bado ni kazi ngumu, kwa hiyo tunasokota mapema. Tukifika naliteremsha furushi zima, nalitia mfukoni, maana jua la huku linakula kitambaa, kisha ngoma naiosha kwa maji baridi kutoa chumvi. Mpaka leo inazunguka kwa kidole kimoja.