Maji yakiingia ndani, nunua kinachokausha kabla ya kinachonukia

Bomba la chini ya sinki lilipopasuka kwangu, kitu cha kwanza nilichokimbilia kununua ni chupa ya dawa ya kuua kuvu. Nikapulizia kila kona, nyumba ikanukia hospitali, nikalala. Wiki ya pili nikasogeza kabati: ukutani nyuma yake, madoa meusi yamejipanga kama kunguni. Dawa haikuwa na kosa. Ukuta ulikuwa bado umelowa, na kuvu haihitaji zaidi ya saa 24 hadi 48 za unyevu ili ianze kuota. Leo ningenunua kwa mpangilio huu.

Namba moja ni mashine ya kufyonza maji. Ile ya vumbi peke yake usiiguse, maji na umeme havitaniani. Tafuta iliyoandikwa kwamba inafyonza majimaji. Maji utakayoyaacha sakafuni yatageuka mvuke, na mvuke huo utahamia kwenye magodoro, nguo na dari. Kama unaona utaitumia mara moja tu, azima au kodi.

Namba mbili ni mashine ya kuondoa unyevu hewani, na hapa ndipo wengi huliwa. Ya kompresa hupoza hewa hadi mvuke unageuka matone, vile glasi ya maji baridi inavyotoka jasho. Inafanya kazi vizuri kwenye joto, lakini chumba kikishuka chini ya nyuzi 15 hivi inachoka. Kwa chumba cha baridi chukua ile inayonasa unyevu kwa kemikali, ukijua itakula umeme zaidi. Lita zilizoandikwa kwenye boksi usizimeze nzima nzima: mara nyingi zimepimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kwako zitapungua. Nitazame nini dukani? Tundu la mpira wa kutolea maji. Bila mpira, tangi linajaa usiku wa manane, mashine inajizima, na asubuhi unakuta nayo ilikuwa imelala. Ukiiwasha, funga milango na madirisha, la sivyo unakausha dunia nzima.

Namba tatu, kipima unyevu wa hewa. Ni kidude cha kuweka mezani, na ningekuwa napanga kwa thamani ya pesa ningekiweka juu kabisa. Kisome kila asubuhi: juu ya asilimia 60 bado uko hatarini, kati ya 30 na 50 umetulia. Kile cha sindano mbili za kuchoma ukutani ni kizuri zaidi kwa aliyefurikiwa. Choma ukuta uliolowa, kisha choma ukuta wa chumba kisichoguswa na maji. Namba zikikaribiana, umekauka. Kiganja hakitoshi, ukuta hukauka juu na kubaki mbichi ndani.

Feni ni ya nne, na ni ya siku za mwanzo tu. Hewa ya nje ikiwa kavu, feni na dirisha wazi vinatosha kabisa. Ila ukishaona kuvu, izime, maana itapeperusha vimbegu vyake hadi vyumba vizima.

Barakoa ya N95, glavu na miwani ni vya siku ya kusugua, havina mjadala.

Mkiani ndipo naweka maji ya klorini na madawa ya kupuliza. Kwenye vigae na vioo yanasaidia. Kwenye mbao na jipsamu, maji yake huzama ndani huku klorini ikibaki juu, kwa hiyo unainywesha kuvu. Usiyachanganye kamwe na siki wala amonia, hutoa gesi ya sumu. Sabuni na brashi hutosha kwenye vigae na vioo. Jipsamu iliyoota kuvu kata utupe, na godoro hivyo hivyo. Rangi ya kuzuia kuvu ingoje ukuta ukauke, vinginevyo itabanduka kama ngozi iliyoungua.

Vifuko vya kunyonya unyevu ni vya kabati la nguo. Kwa chumba kilichofurika ni kuchota bahari kwa kijiko. Mashine ya kutoa gesi ya ozoni sinunui hata nikipewa punguzo: kiwango cha kuua kuvu kinaumiza na mapafu, na kuvu iliyokufa bado inaleta mzio.