Habasoda au uwatu kwa vifaranga wa broila?

Kila bei ya dawa ikipanda, wafugaji wanarudi kwenye mbegu. Ila ipi?

Tuanze na gharama. Kipimo kinachojaribiwa sana ni asilimia 1, yaani gramu 500 za mbegu zilizosagwa kwa mfuko wa chakula wa kilo 50. Uwatu kwa kawaida ni nafuu kuliko habasoda, na mwenye vifaranga 500 tofauti hiyo ataisikia.

Tumboni ndiko kwenye mambo. Loweka kijiko cha uwatu usiku. Asubuhi utakuta ute unaovutika. Ukizidisha kipimo, ute huohuo hulainisha kinyesi, maranda yanalowa, na kuhara damu kunapenda unyevu. Habasoda haina ute wa namna hiyo, kwa hiyo mkono ukiteleza kidogo huumii haraka. Hapa naipa habasoda bila kusita.

Kwenye kutunza mambo yanageuka. Habasoda ina mafuta mengi, ikishasagwa huchacha upesi, basi saga ya siku chache tu. Uwatu mkavu huvumilia zaidi.

Kuhusu uzito, matokeo ya tafiti yanapishana kwa zote mbili. Na hakuna inayochukua nafasi ya chanjo ya kideri au Gumboro. Muuzaji akikwambia vingine, mkimbie.

Una mzani na banda kavu? Uwatu utakupunguzia gharama. Unapima kwa kopo, tena masika? Chukua habasoda. Na kama joto la bruda, pale unapolelea vifaranga, halijatulia, nunua mkaa kwanza.