Upinde wa fundi wa Kisesa: wiki saba za kuvuta, na mishale iliyonitia hasara

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Upinde mmoja shilingi 40,000. Mshale mmoja 3,000. Ukitaka mzee akufundishe, 5,000 kwa asubuhi nzima, na chai unanunua wewe. Tulichukua pinde mbili na mishale kumi na miwili, sita kila mtu. Kuhusu upinde sina neno baya. Kuhusu mishale ninayo kadhaa, tutafika.

Mwenye shida hakuwa mimi, alikuwa shemeji. Mume wa dada yangu anaishi Marekani, jimbo la Wisconsin, na huko anawinda kulungu wa kwao, wale wenye mkia mweupe, kwa upinde wa kizamani usio na magurudumu wala kifaa cha kulengea. Msimu wa upinde kwao hufunguliwa katikati ya Septemba. Juni akaja likizo, upinde kauacha Wisconsin, na wiki ya kwanza tu akaanza kulalamika kwamba mgongo unasahau. Akachukua mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga kwenye nondo za dirisha la sebuleni, akawa anauvuta kila asubuhi. Mama alivumilia siku tatu. Ya nne akaniambia mwanangu, nitafutie huyu mkwe wangu kitu cha kuvuta kabla hajaondoka na dirisha langu.

Muuza maziwa wetu ndiye aliyetuelekeza kwa mzee mmoja wa Kisesa, hapa kwetu Mwanza, upande wa kuelekea makumbusho ya Bujora. Simtaji jina, hana duka wala kibao. Ukifika ulizia fundi wa pinde, utapelekwa na watoto. Tulimkuta chini ya mwembe. Mwangaluka, mwangaluka, tukakaa. Neno lake la kwanza la biashara lilikuwa kwamba sumu hatengenezi na hauzi, anayetafuta sumu ageuze njia. Nikampenda hapo hapo. Na mimi niseme kabla hamjaniuliza: hapa kwetu sikuwinda hata njiwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haitaki mchezo, bila leseni huna ruhusa, uwe na bunduki au fimbo iliyopindwa. Mnyama wangu alikuwa gunia.

Pinde zake ni za mti wa mkole. Fito anazikausha kivulini, nyingine juu ya moshi wa jikoni, na hakukubali kutuuzia zile mbichi hata shemeji alipoonyesha haraka. Hana futi. Alitusimamisha, akapima fito kuanzia unyayo hadi nyusi, akaweka alama kwa ukucha. Upote, yaani kamba ya upinde, zamani ulikuwa kano za ng'ombe. Sasa anasokota nailoni ya nyavu, ile ile wanayonunua wavuvi, nyuzi kadhaa kwa pamoja. Mimi niliona ni ujanja wa mjini, lakini shemeji alisema nailoni haijali mvua, kano ikilowa inalegea. Kasoro yake ni kwamba nailoni mpya inarefuka. Siku tatu za mwanzo tulikuwa tunafungua na kufupisha kila saa. Kipimo cha mzee: weka ngumi kwenye mshiko wa upinde, upande wa upote, nyoosha dole gumba, ncha yake iguse upote. Ikiwa haigusi au inapita, funga upya.

Uzito wa kuvuta tuliupima kwa mizani ya samaki. Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, kuna jamaa yangu ana ile ya kuning'iniza yenye ndoano. Tukaning'iniza upinde badala ya sangara, tukavuta mpaka urefu wa mshale. Wauza dagaa walisimamisha kazi kutuangalia. Wa shemeji ulisoma kilo 18, yaani pauni 40 kasoro kidogo. Alifurahi, kwa sababu Wisconsin upinde wa kuwindia kulungu lazima ufikie angalau pauni 30, na wake wa nyumbani ni 45, kwa hiyo mgongo wake ungekuwa kazini kweli.

Wangu ulisoma 17. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuandika risiti, 17 ni adhabu. Nilivuta siku mbili, bega likagoma kunyanyua hata kikombe. Nikaurudisha nikitegemea maneno. Mzee akachukua kipande cha chupa, akaanza kuparua tumbo la upinde, ule upande unaokutazama ukivuta. Anaparua kidogo, anavuta, anafumba jicho moja kuangalia kama mikono yote miwili ya upinde inapinda sawa, anaparua tena. Kama saa moja na nusu. Ukashuka hadi kilo 13, na hakutaka hata mia. Niliwahi kurudisha simu dukani mjini ndani ya siku mbili nikaambiwa nimeiangusha mwenyewe. Sasa linganisheni.

Mafunzo yake ni ya polepole mno, na kama una haraka yatakuchosha. Asubuhi mbili nzima alinisimamisha hatua tano kutoka kwenye gunia. Hatua tano! Mtoto angelipiga kwa kutupa. Lakini hakujali nimepiga wapi. Alichoangalia ni vidole vya kulia vinaachiaje, na kama mkono ulioshika upinde unabaki palepale mpaka mshale ufike. Vidole vinatakiwa vilegee vyenyewe kwenye kona ya mdomo, si kufunguliwa kama mtu anayeachia ndoo ya moto. Siku ya tatu akaniambia nifumbe macho. Ndipo nikasikia kwamba nilikuwa navuta kwa mkono tu, mgongo umelala. Kitu kimoja alinifokea nacho: kuachia upote bila mshale. Nguvu yote inarudi kwenye mti, na mti unapasuka.

Nunueni kinga ya mkono kabla ya yote, yeye hatoi. Upote ulinichapa ndani ya mkono wa kushoto nikawa na wekundu wa sentimita kumi, ofisini wakadhani nimegombana nyumbani. Fundi viatu alinishonea kipande cha ngozi kwa 2,000, na kingine cha vidole.

Uwanja wetu ulikuwa Kayenze, shambani kwa mjomba, karibu na ziwa. Nyumbani kwangu Mabatini isingewezekana. Nyumba zimekaa juu ya mawe kama kuku kwenye kichaga, mshale ukipita gunia unaingia chumbani kwa mtu. Gunia la kwanza nililijaza pumba za mpunga. Likatoboka, pumba zikamwagika, kuku wa mjomba wakahamia hapo na mazoezi yakasimama kila dakika tano kuwafukuza. La pili tukalishindilia matambara ya mitumba, lile liko mpaka leo na mshale unasimama vizuri. Ila nyuma yake kulikuwa na jiwe. Nani Mwanza hana jiwe nyuma yake? Siku ya kwanza mishale miwili ikavunjika hapo, 6,000 hiyo. Siku ya pili nikahamisha gunia.

Shemeji ana utaratibu mmoja ambao sasa nimeuchukua. Alfajiri, kabla ya chai, kabla mwili haujapata joto, anapiga mshale mmoja tu kwenye sahani ya sentimita 20, ambayo ndiyo ukubwa wa sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu, umbali wa hatua ishirini. Mmoja. Anaandika umeingia au umekosa, kisha anaenda kunywa chai. Anasema porini hupewi wa pili. Baadaye ndipo tunapiga mingine: umepiga goti, umekaa kwenye kigoda, umesimama juu ya jiwe unalenga chini. Ikifika mchana upepo wa ziwa unaanza kuingia nchi kavu, na hapo mshale mwepesi unasogea wazi wazi, kwa hiyo tulifunga kazi kabla ya saa sita.

Sasa mishale. Baada ya wiki tatu nilijua kosa si langu lote. Nikaiandika namba kwa kalamu. Namba 2 inakwenda ninakotaka. Namba 4 inakwenda kushoto, kila mara, hata akipiga shemeji. Tukaiviringisha mezani: mitatu imepinda. Tukaangalia manyoya, ya kanga: kwenye mshale mmoja kachanganya ya bawa la kushoto na la kulia, yakiwa yanapingana. Mwisho nikaenda kwa sonara mjini, yule anayepima dhahabu ya wachimbaji, nikamwomba anipimie vijiti. Alinitazama sana, akapima. Mwepesi gramu 21, mzito gramu 33. Upinde hata uwe wa dhahabu ya Geita yenyewe, hauwezi kutupa vitu viwili hivyo mahali pamoja.

Nikarudi Kisesa. Iliyopinda akainyoosha bure, anaipaka mafuta, anaipitisha juu ya makaa, anaikunja taratibu kwa viganja. Manyoya akakataa kubadilisha. Akasema namba 4 ni mshale wa sungusungu: mwizi akiona unalengwa kwingine anasimama, na wewe unampata. Wote tukacheka, yeye zaidi, lakini 3,000 yangu haikurudi.

Kuhusu usafiri, funga upinde kwenye gunia. Mimi niliupandisha wazi kwenye daladala ya Kisesa siku moja, konda akakataa nauli yangu akisema mzee wa doria halipi. Abiria wa nyuma wakaanza kuniripotia wezi wa kuku wa mtaa wao.

Shemeji aliondoka mwisho wa Julai. Mwanzoni mwa Septemba akanipigia video akiwa uani kwake, bado giza. Upinde wake wa pauni 45 ulimlemea siku ya kwanza tu. Akageuza simu nione sahani: mshale wa alfajiri upo ndani, karibu na ukingo, lakini ndani.

Mimi nimeagiza mingine sita kwa mzee. Safari hii nimemwambia nitachagua vijiti mwenyewe kabla hajatia manyoya, na sonara amekubali kunikodisha ile mizani yake kwa siku moja, mradi nisimwambie mtu inapima nini.