Fomula ya viungo 11 vya kuku wa kukaanga: vipimo vya majani viko sawa, maelekezo yana pengo

Agosti 2016 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha fomula ya viungo 11 inayosemekana ndiyo ya kuku wa KFC. Kampuni haikuithibitisha, lakini anayepikia nyumbani hilo halimhusu. Anachotaka kujua ni kama kuku anatoka mtamu. Anatoka, ila usiifuate kichwakichwa.

Uzuri wake uko kwenye majani makavu ya kutia harufu. Kwa vikombe 2 vya unga wa ngano, thaimu ni kijiko cha chai 1½, basili 1½, oregano 1 tu. Viungo vyote ukijumlisha vinafika vijiko vya chai 45 hivi, karibu kikombe kizima: paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) peke yake 12, pilipili manga nyeupe 9. Kwa hiyo pilipili ndiyo inayoongoza ladha, majani yanafuata nyuma, na hapo ndipo mahali pake. Thaimu na oregano zina mafuta ya harufu yanayokaribiana sana; ukizidisha moja umezidisha zote mbili, na kuku ananukia dawa ya kifua. Basili haina makali hayo, na moto huimaliza harufu yake haraka, basi mwenye hamu ya kuongeza jani aanzie hapo. Rozimari na seji hazimo, na zisiwemo. Ukishindwa kabisa kujizuia, robo kijiko cha chai, tena iliyosagwa.

Fomula haisemi majani yasagwe, na hilo ni kosa. Vipande vinavyobaki juu ya ganda huungua kabla nyama haijaiva, vinaacha madoa meusi na uchungu. Pima kwanza, ndipo usage na kuchekecha. Ukinunua yaliyokwisha kusagwa, weka robo tatu ya kipimo.

Kwenye chumvi ndiko wengi wanakoharibu. Chumvi iliyochanganywa na seleri vijiko vya chai 3, iliyochanganywa na kitunguu saumu 6, na bado kuna chumvi ya kawaida 2. Kuku aliyelazwa kwenye maji ya chumvi hataliwa. Kwa kuku huyo ondoa hiyo ya kawaida yote. Wengine wakikosa chumvi ya kitunguu saumu hutia kitunguu saumu cha unga kwa kipimo kilekile, nacho kinaungua. Weka cha unga 1½ na chumvi 4½.

Usihukumu kwa kunusa bakuli, maana harufu ya majani makavu huwa kali kuliko ladha yake mdomoni. Lowanisha kijiko cha mchanganyiko kwa mtindi, kaanga kidonge hicho, kipoe, ndipo uonje. Jani likizidi, ongeza unga na paprika, usijaribu kulifunika kwa pilipili. Mafuta yawe 175°C. Yakipanda sana, paprika huungua, na uchungu wake husingiziwa thaimu.