Google Business Profile: ya bure, lakini ina masharti

Kwa saluni ya Sinza au fundi simu wa Kariakoo, sijaona huduma ya kuishinda Google Business Profile, yaani ukurasa wa biashara yako unaoonekana kwenye Google na Google Maps, na hailipiwi hata senti. Nani atokee juu kwenye ramani huamuliwa na mambo matatu: biashara inavyoendana na kilichotafutwa, umbali na umaarufu. Umbali huna la kuufanya, basi anza na aina ya biashara. Chagua aina kuu mahususi: "saluni ya kucha", si "saluni" tu. Za ziada ni hadi 9, ila usizijaze ovyo.

Uhakiki, yaani kuithibitishia Google kuwa biashara ni yako, ndio unaokwamisha wengi. Siku hizi mara nyingi unatakiwa video moja isiyokatwa: mtaa, bango, kisha wewe ukifungua mlango kwa ufunguo. Duka lisilo na bango hukataliwa kirahisi. Pini (alama ya duka lako kwenye ramani) iburute mwenyewe hadi mlangoni, maana anwani zetu bado zinaichanganya ramani.

Jina liandike kama lilivyo kwenye bango. Ukibandika "bei nafuu Dar" unaweza kusimamishwa. Kasoro kubwa: mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko, hivyo kagua namba na saa za kazi kila wiki. Tovuti ya bure ambayo Google ilikuwa ikikutengenezea kutokana na ukurasa huo nayo ilifungwa Machi 2024.