Kuunganisha Darubini ya Dobson Yenye Kompyuta Nyumbani Bagamoyo

Darubini hii ilinifikia katika makasha mawili, moja la bomba na vioo, jingine la mbao bapa za kitako, na hilo la pili ndilo lililonitoa jasho. Ni darubini ya inchi 8: kioo chake kikuu kina kipenyo cha milimita 203, na mwanga unaoangukia kioo hicho hukutana umbali wa milimita 1200. Jina la mtengenezaji naliacha, kwa kuwa kampuni kadhaa huuza darubini za namna hii, na mengi nitakayoyaeleza yatamkuta mnunuzi wa yoyote kati yake.

Kitako cha aina hii kilienezwa na John Dobson, aliyekuwa mtawa huko San Francisco, ambaye alitaka kila mtu aweze kujitengenezea darubini kwa mbao na vifaa vya bei nafuu, kisha aisukume kwa mkono kuelekea nyota anayoitaka. Mota za kuizungusha, na rimoti yenye kompyuta ya kuziongoza, ni nyongeza iliyokuja baadaye. Kwa sisi tunaoishi karibu na Ikweta, muundo huu una faida ambayo matangazo hayaitaji: hauhitaji kulengwa kwenye ncha ya anga, yaani ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka usiku kucha. Stendi nyingine hutaka mhimili wake uelekezwe huko, na hapa Bagamoyo ncha ya kusini iko takriban nyuzi sita na nusu tu juu ya upeo wa macho, nyuma ya minazi ya jirani, wala hakuna nyota angavu ya kuionyesha.

Kazi ya kitako ilinichukua karibu saa tatu. Mbao zake ni za chenga zilizogandishwa na kufunikwa kwa tabaka jembamba la plastiki, na matundu yote yamekwisha kutobolewa, hivyo anayeweza kutumia bisibisi na ufunguo wa pembe sita hahitaji kumwita fundi. Kosa langu lilikuwa kukaza kila skrubu mara tu ilipoingia; nilipofika ubao wa mwisho matundu yalikataa kulingana, nikalazimika kulegeza yote na kuanza upya. Kijitabu cha maelekezo hakikuonya juu ya hilo, na michoro yake ni midogo mno kiasi kwamba upande wa ndani na wa nje wa ubao huonekana sawa. Mbao za chenga hazivumilii skrubu kutolewa na kurudishwa mara nyingi, na pia hunywa maji. Kwa sababu ya unyevu wa pwani nilipaka vanishi kingo zote zilizobaki wazi, jambo ambalo ningemshauri kila mkazi wa pwani alifanye kabla ya kuunganisha, si baada yake.

Bomba lilikaa mahali pake kwa dakika chache. Kulinganisha vioo kulichukua muda zaidi, kwa kuwa bomba hili hufupishwa kwa kuteleza juu ya vyuma vitatu, na kila linaporefushwa vioo hustahili kukaguliwa. Kwa kuchungulia kupitia kifuniko chenye tundu dogo, mtu hurekebisha kwanza kioo kidogo cha juu, kisha kioo kikuu kwa skrubu zilizo nyuma yake, hadi kiduara kilichochorwa katikati ya kioo kikuu kikae katikati ya anachokiona. Mara ya kwanza nilihangaika nusu saa, na sasa hunichukua dakika tano.

Umeme wake ni wa volti 12, na ndani ya makasha hapakuwa na betri wala adapta. Nilitumia betri ndogo ya sola, baada ya kuhakikisha kwamba chanya iko katikati ya plagi, maana ukikosea hapo unaweza kuunguza saketi.

Kisha ikaja rimoti, nayo ina mitego miwili kwa Mswahili. Huuliza longitudo na latitudo (kwangu ni nyuzi 38 dakika 54 mashariki, na nyuzi 6 dakika 26 kusini), majira ya saa ya eneo, ambayo kwetu ni +3, halafu tarehe na saa. Mpwa wangu, aliyekuwa akibonyeza huku nikimsomea, aliambiwa ni saa mbili usiku akaingiza mbili, na kwa mashine hiyo ni saa nane za usiku wa manane. Inayotakiwa ni 20. Hilo tuliligundua mapema. Tarehe ndiyo iliyotutesa, kwa sababu rimoti hutanguliza mwezi, kama Wamarekani wanavyoandika, nasi tuliandika 7 Juni kwa utaratibu wetu, ikaisoma kuwa 6 Julai bila kulalamika. Tofauti ya siku 29 ni karibu nyuzi 29 za anga, kwa hiyo ilitutaka tuitafute nyota Arcturus mahali palipokuwa patupu kabisa.

Tuliporekebisha tarehe na kuilenga Arcturus upande wa kaskazini, kisha Alpha Centauri upande wa kusini, mota zilianza kutii. Zina kelele, na usiku wa kijijini zinasikika hadi kwa jirani. Hata hivyo nilipochagua Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 17,000, lilitokea karibu katikati ya lenzi ya kuchungulia ya milimita 25, likiwa limekuzwa mara 48, mfano wa unga wa sembe uliomwagwa juu ya kaniki. Kwa hilo naipa darubini hii alama za juu, na ningeinunua tena.

Ila anayeishi ghorofani afikiri kwanza. Kitako kikishaunganishwa hakikunjiki, na kwangu hakikupita mlango wa chumbani. Kinalala sebuleni, kimefunikwa shuka, na wageni hukidhania kuwa ni pipa la maji.